Mnaosema Göztepe ya Novatus ni timu ya mchangani, njooni hapa (uzi mrefu, leteni viti)

kona_kavu:
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa kibanda umiza kimoja huku Tandika, mechi imeisha, stori zikahamia kwa vijana wetu wanaocheza nje na akatajwa Novatus Miroshi. Kuna jamaa alikuwa kavaa jezi ya Galatasaray, ile timu kubwa ya Istanbul, hata sijui kaiokota mnada gani, akasema dogo kajipoteza, katoka Shakhtar ya Ukraine alikokuwa anagusa Ligi ya Mabingwa kaenda Göztepe, timu ya mchangani. Kibanda kizima kikacheka. Mimi nikanyamaza maana simu ilikuwa imekata chaji na sikuwa na ushahidi, ila usiku nilijigeuza sana kitandani. Leo nimekuja kamili.

Kwanza nikiri jambo moja mapema kabla hamjanirukia. Göztepe ilicheza mchangani kweli. Sio matusi, ilicheza ligi ya ridhaa ya mkoa kabisa. Tutafika huko na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Göztepe ni mtaa. Upo Izmir, mji wa bandari upande wa magharibi wa Uturuki, kwenye ghuba ya bahari ya Aegean. Göz ni jicho, tepe ni kilima, kwa hiyo tuseme Kilima cha Jicho, na mashabiki wakishangilia wanapiga "Göz Göz", yaani Jicho Jicho. Rangi ni njano na nyekundu. Sasa huyo wa kibandani akiona njano na nyekundu anadhani ni Galatasaray ya bei rahisi.

Klabu ilizaliwa 1925 kwa ugomvi. Kulikuwa na Altay, timu kubwa ya hapo Izmir ya tangu 1914, watu wakakorofishana ndani, kundi likajitoa likaenda kuanzisha yao. Hii stori sisi hatuna haja ya kufundishwa, timu zetu ngapi zimezaliwa hivyo hivyo, watu wanagombana asubuhi jioni kuna klabu mpya na katibu mkuu.

Nakunywa maji narudi.

fundi_cherehani:
Nimeshakaa. Ila mkuu usije ukaishia njiani kama ule uzi wako wa mabaharia.

Bin Pwani:
Kabla hajarudi niongeze kitu kuhusu huo mji, maana bila kuujua mji hutaielewa timu. Izmir zamani ikiitwa Smirna na ilijaa Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi na wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa wanakaa upande wa Bornova, na hao Waingereza ndio walioanza kupiga mpira pale karne ya 19 wakati Waturuki wenyewe bado wanautazama kwa mbali. Wagiriki wakaanzisha klabu zao, Panionios 1890 na Apollon 1891. Vita vikaja, 1922 mji ukaungua, Wagiriki wakakimbia, na zile klabu mbili zikahama na watu wao hadi Athens, na mpaka leo ziko huko, moja bado inaitwa Apollon Smyrnis, Apollon ya Smirna, ingawa haijacheza Smirna miaka mia na zaidi.

Kwa hiyo Göztepe inapoanzishwa 1925 ni miaka mitatu tu baada ya moto, na Jamhuri ya Uturuki yenyewe ina umri wa mtoto anayejifunza kutembea.

kona_kavu:
Bin Pwani shukrani, ungeandika uzi wewe mimi nikae pembeni.

Twende. Miaka ya 1930 serikali ikaona Izmir ina vilabu vingi mno, ikaviunganisha kwa lazima. Göztepe ikatiwa chungu kimoja na wengine ikaitwa Doğanspor. Haikudumu, watu wakarudi kwenye jina lao. 1950 wakachukua ubingwa wa Uturuki, ila ule ulikuwa wa mfumo wa zamani kabla ya ligi ya taifa, kwa hiyo Istanbul hawapendi kuuhesabu. Ligi ya taifa ilianza 1959 na timu 16, Göztepe ilikuwemo siku ya kwanza pamoja na Altay, Karşıyaka na Izmirspor, timu nne za mji mmoja.

Sasa sikilizeni mambo ya miaka ya 60. Kocha alikuwa Adnan Süvari. Golini Ali Artuner, nahodha Gürsel Aksel, na mbele kulikuwa na straika anaitwa Fevzi Zemzem ambaye msimu wa 1967/68 alikuwa mfungaji bora wa ligi nzima na mabao 19, sio anachezea Fenerbahçe wala Galatasaray, anachezea timu ya mtaa.

Enzi hizo kulikuwa na Kombe la Maonyesho, hili ndilo lililokuja kurithiwa na Kombe la UEFA. Mwaka 1967 Göztepe wakapangwa na Atletico Madrid. Wakaenda Madrid wakafungwa 2-0. Kila mtu akajua imeisha. Wakarudi Izmir wakampiga Atletico 3-0. Tatu mtungi. Mwenye jezi ya Galatasaray kama upo humu soma tena hiyo sentensi polepole.

Msimu uliofuata, 1968/69, ndio wenyewe. Wakaanza na Marseille, kila mmoja akashinda 2-0 kwake. Penati za kuamua mechi zilikuwa bado hazijaletwa, kwa hiyo refa anatoa shilingi mfukoni anairusha. Kichwa au mwenge. Göztepe wakapita. Wakaja Waromania wa Argeș Pitești, wakapita. OFK Beograd wakawafunga Göztepe 3-1 kwao, Izmir wakafungwa 2-0, jumla 3-3, bao la ugenini la Göztepe likaamua. Robo fainali wapo na Hamburg. Nusu fainali hiyo hapo! Timu ya kwanza ya Uturuki kufika nusu fainali ya kombe la Ulaya. Galatasaray walifika nusu fainali yao ya kwanza 1989, miaka ishirini baadaye. Fenerbahçe aliyokuja kuichezea Samatta ilifika 2013, yeye mwenyewe bado hajajiunga nayo.

Mzee wa Rusha Roho:
Subiri subiri subiri. Umepita Hamburg haraka kama mtu anayekwepa mdai. Waliwafunga ngapi?

kona_kavu:
Hamburg walijitoa.

Mzee wa Rusha Roho:
😂😂😂 Haya tuhesabu. Marseille kwa shilingi. Beograd kwa bao la ugenini. Hamburg mezani. Na nusu fainali?

kona_kavu:
Újpest ya Hungary. 4-1 nyumbani, 4-0 ugenini.

Mzee wa Rusha Roho:
Nane moja. Ndugu zangu hii ndiyo historia tuliyoitiwa viti. Na isitoshe UEFA wenyewe hilo kombe hawalihesabu kuwa lao, kaulizeni. Mimi sina timu Uturuki ila hii nusu fainali ni ya kuokota njiani.

Binti wa Mtoni:
Mzee unakera lakini unachekesha. Ila nikuulize, hao wa Istanbul walikatazwa kuokota?

Bin Pwani:
Mzee wa Rusha Roho, UEFA kutolihesabu ni kweli kwa sababu halikuanzishwa nao, lilikuwa la miji yenye maonyesho ya biashara, na Izmir ina maonyesho makubwa ya kimataifa kwa hiyo walikuwa na haki yao mle. Lakini waliokuwa wanalicheza ni Barcelona, Leeds, Juventus, na mwaka huo huo bingwa alikuwa Newcastle, na mpaka juzi juzi Newcastle walikuwa wanalia kwamba hilo ndilo kombe lao kubwa la mwisho. Hakuna mtu aliyewaambia ni la kuokota.

kona_kavu:
Na kuhusu shilingi ngoja nikufunge mdomo kabisa mzee wangu. 1967, mwaka mmoja kabla ya Marseille, Göztepe walicheza fainali ya Kombe la Uturuki na Altay. Altay yule yule, nyumba mama waliyojitoa 1925. Dakika 90 sare, nyongeza sare, 2-2. Refa akatoa shilingi. Altay wakabeba kombe. Hebu fikiria, fainali ya kwanza ya maisha yako, dhidi ya baba uliyemkimbia, na unaipoteza kwa kipande cha chuma kinachozunguka hewani. Mwaka unaofuata kipande kile kile kinakupa Marseille. Sasa hapo mwizi nani?

Na baada ya hapo hawakuhitaji shilingi. 1969 wakachukua Kombe la Uturuki kwa kumfunga Galatasaray jumla ya 2-1. (Mwenye jezi yupo?) 1970 wakachukua tena, safari hii Eskişehirspor, walifungwa 2-1 mechi ya kwanza wakashinda 3-1 kwenye nyongeza. Ulaya kwenye Kombe la Washindi wakamtoa Cardiff, 3-0 Izmir na kufungwa 1-0 kule, wakaishia robo fainali kwa Roma 2-0 na 0-0. Msimu wa 1970/71 wakamaliza wa tatu kwenye ligi nyuma ya Gala na Fener na hapo ndipo kilele, juu ya hapo hawajawahi kufika. Tangu 1959 ligi ya Uturuki imebebwa na timu sita tu na Izmir haimo, mji wa tatu kwa ukubwa nchini haujawahi kubeba hata mara moja.

Gevrek Moto:
Habari zenu wadau, mimi ni msomaji tu ila uzi huu umenitoa mafichoni. Nilisoma Izmir, nilikwenda kwa ile skolashipu ya serikali ya Uturuki, chuo kilikuwa Bornova lakini rafiki yangu mkubwa alikuwa wa Göztepe kwa hiyo wikiendi nilikuwa huko.

Niwaambie kitu ambacho kwenye makabati ya makombe hamtakiona. Ule mji umegawanywa na ghuba. Göztepe iko upande wa kusini, ukisimama ufukweni ukatazama mbele unaona Karşıyaka. Karşı yaka maana yake ni upande wa pili, ng'ambo. Yaani ni Kigamboni kabisa! Na kama Kigamboni unavuka kwa kivuko, kama dakika ishirini hivi kutoka Konak, watu wanawarushia ndege wa baharini vipande vya gevrek (ile mikate ya mviringo yenye ufuta, nchi nzima wanaita simit ila ukiita simit Izmir wanakutazama). Watu wa Karşıyaka wana kiburi chao. Namba za magari za Izmir zinaanza na 35, wao wanajiita 35 na nusu, yaani sisi sio Izmir, sisi ni kitu kingine.

Siku ya kwanza naenda kule Karşıyaka nimevaa skafu ya njano na nyekundu, nimepewa zawadi na mama wa rafiki yangu, mie sina hili wala lile, baridi tu ilikuwa inaniuma. Ndani ya kivuko mzee mmoja muuza chai akanisogelea taratibu, hakugomba, akanishika bega akasema kwa upole, mwanangu ivue, sio kwa ajili yangu, kwa ajili ya utakaowakuta gatini. Nikaiweka kwenye begi. Akanipa chai na hela akakataa.

MwanaKigamboni:
Kwa hiyo kuna Kigamboni Uturuki na mimi naambiwa leo?? Endelea dada/kaka.

Gevrek Moto:
Dada 😊

Hiyo derby (mechi ya watani wa mji mmoja) ya Göztepe na Karşıyaka ina rekodi. Mei 1981 zilikutana zikiwa daraja la PILI, zote zinagombea kupanda, wakapeleka mechi uwanja wa Atatürk na wakaingia watu 80,000. Daraja la pili! Ikaisha 0-0. Baba yake rafiki yangu alikuwepo, anasema hakuona mpira, aliona migongo ya watu na akasikia kelele, na bado anaisimulia kila mwaka kama vile yeye ndiye aliyeweka sifuri zile mbili.

Mzee wa Rusha Roho:
Elfu themanini kwa sifuri sifuri daraja la pili. Hapo nimevua kofia, nakiri.

msee_wa_Kisauni:
Sasa hapo ndo mimi nauliza, timu yenye watu hivyo iliendaje mpaka mchangani? Hapa kwetu Mombasa tumezoea timu kufa, Feisal ilikufa, tunajua kaburi lilivyo. Hawa waliinukaje?

kona_kavu:
Msee asante kwa kuuliza maana ndipo nilipokuwa naelekea.

Kutoka 1977 waliposhuka mara ya kwanza ikawa panda shuka. Miaka ya 80 na 90 mingi walikuwa daraja la pili. Wakarudi ligi kuu 1999, wakashuka, wakarudi 2001, wakashuka tena 2003. Ila huku kushuka kwa 2003 hakukuwa na breki. Madeni, wachezaji hawalipwi wanaondoka, usajili unafungiwa, unacheza na watoto, unashuka, ukishuka mapato yanapungua, deni liko pale pale. Wenye timu za mikoani hapa Bongo huo wimbo mnaujua. Walipita daraja moja baada ya jingine kama mtu anayeanguka ngazini, na 2007 wakajikuta ligi ya ridhaa. Miaka minne tu kutoka kucheza na Fenerbahçe hadi kucheza na timu za vitongoji vya Izmir. Timu ya nusu fainali ya Ulaya. Ndondo.

Kwa hiyo jamaa wa kibandani, ndiyo, umesema kweli bila kujua. Ila ulichokosa ni kwamba watu waliifuata huko huko. Viwanja ambavyo kawaida vinatazamwa na wazazi wa wachezaji na mbuzi wawili vikajaa njano na nyekundu. Mwaka huo wa ridhaa ndio kipimo. Wenye hela wakaona, hii timu haina uwanja, haina ligi, haina hela, lakini ina watu, na watu huwezi kuwasajili dirisha dogo.

Wakaanza kupanda. Haikuwa muujiza wa usiku mmoja, ilichukua miaka kumi, na humo katikati walishuka tena mara moja. 2014 akaingia Mehmet Sepil, mtu wa biashara ya mafuta, akaweka fedha na utaratibu. Juni 2017 wakacheza fainali ya mchujo wa kupanda kule Antalya. Mpinzani? Eskişehirspor, wale wale wa fainali ya 1970. Sare, penati. Safari hii sheria ya shilingi haipo tena. Göztepe wakashinda penati na kurudi ligi kuu, na msimu wa kwanza tu wakamaliza wa sita.

Gevrek Moto:
Na Januari 2020 wakapata nyumba. Uwanja mpya hapo hapo mtaani, unabeba watu kama elfu ishirini, umepewa jina la Gürsel Aksel, yule nahodha wa enzi za makombe. Ni karibu na bahari na ukitoka metroni unafuata tu harufu ya mishikaki na makelele. Kuingia lazima uwe na kadi ya Passolig, imesajiliwa kwa jina lako, hakuna cha kuazimana. Ndani kila mtu ana mfuko wa mbegu za alizeti, wanaita çiğdem, dakika ya sitini sakafu yote ni maganda, unatembea kama juu ya majani makavu. Bao likiingia huwezi kujua nani anakukumbatia. Mimi nilikumbatiwa na bibi wa miaka sabini hivi ambaye kipindi kizima cha kwanza alikuwa anamtukana refa matusi ambayo chuoni hawakutufundisha.

Binti wa Mtoni:
Huyo bibi ndiye ninayetaka kuwa.

Mzee wa Rusha Roho:
Msisahau na mabaya. Novemba 2022 si ndio hao hao Göztepe na Altay, fataki ikarushwa kwenye jukwaa mtu akaumia, halafu shabiki akaingia uwanjani na kumpiga kipa wa Altay kichwani kwa mti wa bendera ya kona? Mechi ikavunjika. Nilijionea kideo kile.

kona_kavu:
Ni kweli na sikutaka kuificha, ilikuwa aibu. Wakati huo wameshashuka tena, 2022, na ndio kwanza klabu imenunuliwa asilimia 70 na Sport Republic, kampuni ile ile yenye Southampton, mwenyekiti akawa Rasmus Ankersen, yule Mdenmark aliyepitia klabu za Brentford na Midtjylland, watu wa takwimu. Fikiria unanunua klabu Agosti, Novemba mechi inavunjika kwa mti wa kona. Takwimu gani ingekuambia hilo.

Lakini walitulia. Wakamleta kocha Mbulgaria Stanimir Stoilov, 2024 wakapanda na kiangazi kile kile wakamchukua Novatus kutoka Zulte Waregem ya Ubelgiji, aliyekuwa amemkopesha Shakhtar. Kwa hiyo dogo hakutoka Shakhtar kaporomoka, alikuwa kule kwa mkopo. Msimu wa kurudi wakamaliza wa nane na Novatus anacheza, sio anapasha benchi. Kijana aliyetoka Azam anakaba katikati kwenye uwanja wenye jina la Gürsel Aksel, mbele ya yule bibi wa mbegu za alizeti.

fundi_cherehani:
Na hao Altay na Karşıyaka wako wapi sasa hivi?

Gevrek Moto:
Madaraja ya chini wote wawili, inaniuma hata kwa Altay. Rafiki yangu anasema ligi kuu ni tamu ila haina Karşıyaka. Anasema bora warudi tu wapate wa kumchukia kwa karibu, sio kila wiki kumchukia mtu wa Istanbul aliye mbali na wala hajui kama unamchukia.

msee_wa_Kisauni:
Hiyo nimeielewa kabisa.

MwanaKigamboni:
Mimi nimesoma uzi wote mwanzo mwisho na nimeshafanya uamuzi. Nazaliwa ng'ambo, nakaa ng'ambo, kila siku nagombania kivuko. Kuanzia leo mimi ni Karşıyaka. Jezi zao rangi gani?

Gevrek Moto:
Kijani na nyekundu.

kona_kavu:
Maneno yote hayo halafu unaondoka na mpinzani?? Modereta, naomba huyu atolewe kwenye uzi.

MwanaKigamboni:
35 na nusu 💚❤️